Mzize auzwe, lakini siyo dirisha hili

IJUMAA ya Agosti 22, 2025 watu walitoka Kwa Mkapa kimya. Taifa Stars ilikuwa imefungwa na Morocco bao 1-0, na safari ya CHAN ikaishia robo fainali, tena nyumbani. Nilitegemea njia nzima hadi kituoni nisikie lawama za mechi. Wapi! Kabla hatujafika hata barabarani, mjadala ulishahamia kwa Clement Mzize.

"Jamaa auzwe, mpira ni biashara," alisema kijana mmoja aliyevaa jezi ya Stars na kofia ya Yanga.

Mzee mmoja aliyekuwa mbele yake akageuka. "Muuzeni tu, mwanangu. Halafu Afrika mtafunga kwa kutumia risiti ya benki?"

Watu wakacheka, daladala ikaja, kila mtu akagombania siti yake. Mimi nikabaki na swali la yule mzee mpaka nafika nyumbani.

Agosti hiyo ya 2025 dirisha la usajili lilikuwa bado wazi na jina la Mzize lilitajwa kila kona. Leo utasikia timu ya Kaskazini mwa Afrika, kesho ya Uarabuni, keshokutwa ya Ulaya. Bei nayo inapanda kulingana na kijiwe ulichokaa. Hizo za vijiweni naziacha hapo hapo vijiweni. Ninachotaka kusema ni kimoja: Yanga wamuuze Mzize, ila siyo dirisha hili. Wamuuze Juni mwakani, wakiwa wamejiandaa.

Najua wapo watakaoniona nimekalia uzio. Nisomeni mpaka mwisho, halafu mnitukane kwa haki.

KWA NINI ANATAKIWA

Tuanze na mchezaji mwenyewe. Agosti 2025 Mzize alikuwa na miaka 21. Hakununuliwa popote kwa fedha nyingi, amepandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga msimu wa 2022/23, enzi za Nasreddine Nabi. Msimu wa 2024/25 alifunga mabao 14 ya Ligi Kuu, akazidiwa na Jean Charles Ahoua wa Simba pekee, aliyemaliza na 16. Kwa mshambuliaji mzawa, kwenye ligi ambayo namba tisa nyingi zimekaliwa na wageni, hilo siyo jambo la kawaida.

Januari 2025 TP Mazembe walikuja Dar es Salaam kwenye hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakaondoka wamepigwa 3-1. Mzize alifunga mawili. Juzi kwenye CHAN, Madagascar walipokuja Kwa Mkapa, Stars ilishinda 2-1 na mabao yote mawili yalikuwa yake, yote ya kipindi cha kwanza.

Ana mbio, ana mwili, anakaba mabeki tangu mpira ukiwa kwa kipa wao. Bado anakosa nafasi ambazo mshambuliaji aliyekomaa hakosi, na mguso wake wa kwanza wakati mwingine unamsaliti. Lakini skauti anayekuja Tanzania hanunui alichonacho leo tu, ananunua na kile atakachokuwa akifika miaka 24. Kwa hiyo tusishangae akitakiwa. Tungeshangaa asipotakiwa.

SOMO LA MSIMBAZI, 2021

Watu wa Yanga hawapendi kujifunza kwa Simba, lakini hapa hawana jinsi.

Agosti 2021 Simba walikuwa wafalme wa nchi. Walikuwa wamebeba ubingwa mara nne mfululizo na wametoka kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Februari ya mwaka huo Luis Miquissone aliwafunga Al Ahly bao pekee Kwa Mkapa, na Bara zima likamjua. Clatous Chama ndiye alikuwa anaendesha mitambo yote pale katikati.

Dirisha moja tu, wote wawili wakaondoka. Miquissone akaenda Al Ahly, Chama akaenda RS Berkane. Kibiashara ilionekana akili kubwa, na mashabiki wengi tu walipiga makofi.

Kilichofuata mnakikumbuka. Oktoba 2021 Simba walikwenda Botswana, wakawafunga Jwaneng Galaxy 2-0, wakarudi nyumbani kumalizia kazi nyepesi. Wakafungwa 3-1 Kwa Mkapa na kutolewa kwa bao la ugenini. Ligi ikaenda Jangwani, Yanga wakaibeba bila kupoteza mechi hata moja. Chama alirudishwa Januari 2022, lakini treni ilishaondoka. Hadi msimu wa 2024/25 misimu minne ilikuwa imepita na kombe la ligi halijarudi Msimbazi.

Sitaki kudanganya kwamba yote yaliletwa na mauzo yale. Yanga nao walisajili vizuri mno, akiwemo Fiston Mayele, na Nabi akawapanga. Lakini kosa la Simba lilikuwa wazi: waliuza miguu miwili ya kiti kwa wakati mmoja, wakategemea kiti kisimame wakati fundi anatafuta mbao.

Sasa geukeni muitazame Yanga ya leo. Stephane Aziz Ki ameshakwenda Wydad. Yule aliyekuwa mfungaji bora wa 2023/24 kwa mabao 21, mtu wa faulo, mtu wa pasi ya mwisho, hayupo tena. Kocha Romain Folz, Agosti 2025, ndiyo kwanza alikuwa na wiki chache nchini. Mkimtoa na Mzize, mtakuwa mmefanya kile kile cha Simba, tofauti itakuwa rangi ya jezi tu.

MAYELE ALIUZWA, MBONA TULISHINDA?

Hapa ndipo kijana wa kofia ya Yanga angenikatisha. Angeniambia: mbona Mayele aliuzwa 2023 na hatukufa?

Swali zuri. Mayele aliondoka akiwa juu kabisa. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 ya ligi, akagawana kiatu na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Kwenye Kombe la Shirikisho Afrika alifunga saba, akawa mfungaji bora, na Yanga ikafika fainali dhidi ya USM Alger. Akauzwa Pyramids ya Misri, na Jangwani nzima ikashika kichwa.

Novemba ile ile Yanga ikamfunga Simba 5-1. Angalieni waliofunga: Kennedy Musonda, Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki na Pacome Zouzoua. Mabao matano, wafungaji wanne. Ubingwa ukabaki Jangwani.

Siri ilikuwa hapo. Miguel Gamondi hakuhangaika kumtafuta Mayele mwingine, aliyagawa mabao ya Mayele kwa kundi zima. Maxi na Pacome walisajiliwa dirisha lile lile, na Aziz Ki alikuwa tayari ana msimu mmoja wa kuzoea ligi yetu. Tena yule aliyeletwa kuvaa viatu vya Mayele moja kwa moja, Hafiz Konkoni kutoka Ghana, alishindwa na akaondoka baada ya nusu msimu. Mrithi wa kweli alikuwa ndani muda wote, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akikaa benchi na kumtazama Mayele anavyocheza. Anaitwa Clement Mzize.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza kumuuza mshambuliaji nyota na ukabaki bingwa. Lakini lazima mabao yake yawe yameshapata mwenyewe mwingine kabla hajapanda ndege.

Leo wenyewe hao ni nani? Msimu wa 2024/25 Prince Dube alifunga 13 na Pacome 12, kwa hiyo siyo kwamba Yanga ni Mzize peke yake. Hilo nalikubali. Andy Boyeli na Celestin Ecua wameletwa, na watu wanawasifia mazoezini. Sawa. Lakini mazoezini hata mimi ningefunga. Hawajacheza Sokoine pale Mbeya mvua ikiwa imenyesha, hawajakutana na beki wa mkoani ambaye mwaka mzima anasubiri mechi ya Yanga ili aonekane. Wapeni nusu msimu kwanza tuwaone.

LIGI NI MOJA, AFRIKA NI NYINGINE

Kuna kitu kimoja kwenye stori ya Mayele ambacho huwa tunakiruka.

Ligi ya nyumbani unaweza kuishinda kwa mabao ya watu wengi. Mechi 30 ni nyingi, leo anafunga winga, kesho kiungo, keshokutwa beki kwa kona. Afrika haiko hivyo. Kule unapata nafasi mbili kwenye dakika 90, na unahitaji mtu ambaye moja kati ya hizo lazima iingie.

Machi na Aprili 2024, Yanga bila Mayele ilicheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na Mamelodi Sundowns. Dar es Salaam 0-0. Pretoria 0-0. Tukatolewa kwa penalti. Nalijua lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda chini, na najua lilivyowauma watu, hata mimi naamini lilikuwa bao. Lakini dakika 180 bila bao lililokubaliwa ni dakika 180.

Januari 2025 tena, Yanga ilihitaji ushindi nyumbani dhidi ya MC Alger ili ivuke makundi. Ikaisha 0-0, tukabaki nje. Hiyo ni timu yenye Aziz Ki, Pacome, Dube na Mzize, wote. Bao moja tu lilikosekana.

Mayele yeye? Juni 1, 2025 alikuwa Cairo kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Alifunga, Pyramids ikawapiga Sundowns 2-1, ikabeba kombe lake la kwanza la Afrika. Sundowns wale wale.

Simlaumu aliyemuuza. Mayele alikuwa na haki ya kwenda, na fedha ilisaidia kujenga timu. Nasema tu kwamba gharama ya kumuuza mshambuliaji haionekani Agosti, inaonekana Machi, kwenye mechi ambayo haina marudio. Mechi za Afrika za msimu wa 2025/26 zilikuwa zinaanza Septemba. Ukiuza leo, unaingia huko na straika aliyezoea jina la hoteli tu.

FEDHA YENYEWE IKOJE?

Mashabiki tunapenda bei ya kutangazwa. "Ameuzwa kwa dola fulani," basi, tunatambiana siku tatu. Lakini mkataba wa mauzo una mambo matatu yenye uzito kuliko hiyo namba ya kwenye bango.

La kwanza, ni kulipwa kweli. Wazee wa Msimbazi wanaikumbuka Januari 2013, Emmanuel Okwi alipouzwa Etoile du Sahel ya Tunisia. Dola 300,000 zilitangazwa, shangwe ikapigwa, fedha ikawa hadithi, na kesi ikafika FIFA. Ofa nzuri ni ile ambayo sehemu kubwa inaingia benki kabla mchezaji hajapewa barua yake.

La pili, ni asilimia ya mauzo yajayo. Tuseme timu A inatoa dola 800,000 taslimu na mambo yameisha. Timu B inatoa 600,000, lakini ikimuuza tena Yanga inapata asilimia 20 ya bei yote. Kijana akiuzwa baadaye kwa milioni tatu, Yanga inavuna 600,000 nyingine. Jumla milioni 1.2. Ila someni vizuri karatasi: kama imeandikwa asilimia 20 ya faida, hesabu inashuka hadi 480,000. Neno moja tu linakula 120,000.

Kuna watu wanasema FIFA si inatulinda, kuna fungu la klabu zilizomlea mchezaji. Lipo, na Yanga watalipata kila Mzize anapohama kimataifa ndani ya mkataba. Lakini ni nusu asilimia ya bei kwa kila msimu aliolelewa kati ya miaka 16 na 23. Kwa mauzo ya dola milioni mbili, msimu mmoja ni dola 10,000. Fedha ya kushukuru hiyo, siyo ya kujengea timu.

La tatu, ni muda uliobaki kwenye mkataba. Mchezaji akibakiza miezi sita anaruhusiwa kusaini timu nyingine bure. Ndiyo maana kumzuia Mzize bila kumpa mkataba mpya ni ujinga mtupu. Utamzuia leo, kesho ataondoka na wewe umebaki na picha zake. Kama anabaki, abaki na mkataba ulioboreshwa, mshahara wa mtu anayetakiwa na timu kubwa, na bei ya kumtoa iandikwe mle ndani ili kila mnunuzi aijue.

NA MZIZE MWENYEWE?

Kwenye mijadala yetu yote mchezaji tunamzungumzia kama gunia la mchele. Ana mama yake, ana ndoto zake, na miguu yake ina miaka kumi hivi ya kumlipa. Akiumia Oktoba, ile ofa ya Agosti haitamsubiri. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yangu, na siwezi kuifuta kwa maneno.

Tena historia iko upande wake. Mbwana Samatta aliondoka Simba kwenda TP Mazembe 2011 akiwa na miaka 18. Angebaki Kariakoo kula pilau za viongozi, asingebeba Ligi ya Mabingwa 2015, asingefika Genk, na 2020 asingekuwa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu England. Taifa Stars inahitaji vijana wanaotoka.

Pia tunajua gharama ya kumshikilia mtu ambaye moyo wake umeshaondoka. Sakata la Feisal Salum lilianza Desemba 2022 na likaisha Juni 2023, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuwaomba Yanga walimalize. Nusu msimu mzima, kiungo bora wa nchi hakucheza na klabu haikufaidika. Akaenda Azam, msimu uliofuata akafunga mabao 19.

Kwa hiyo kama Mzize ameshafunga begi na amesema wazi kwamba anaondoka, waache aende, wakusanye fedha yao, tusilete Feisal nyingine. Lakini kama bado wanaweza kukaa naye mezani, wamwambie ukweli huu.

Samatta alifaidika kwa sababu alikwenda mahali alipocheza. Miquissone alikwenda klabu kubwa zaidi barani, akasugua benchi, na aliporudi Simba 2023 hakuwa yule tuliyemjua. Kuondoka siyo mafanikio. Kucheza huko uendako ndiyo mafanikio.

Na Desemba 2025 ilikuwa ni AFCON Morocco. Stars ilikuwa kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Hakuna duka lenye kioo kikubwa kuliko hilo. Mzize akienda timu mpya mwezi huu, akakuta foleni ya washambuliaji wanne, Desemba ataingia AFCON akiwa hajacheza. Akibaki, ataingia na mechi za ligi na za Afrika miguuni. Bao moja dhidi ya Nigeria, na bei tunayobishania leo itageuka nauli ya bodaboda. Asipofunga, bado ana miaka 21 na mkataba mpya wenye mshahara mzuri. Hapotezi kila kitu.

Kuhusu kuumia, ndiyo, hatari ipo. Ndiyo maana nasema mkataba uboreshwe leo, siyo ahadi ya mdomo. Klabu ikitaka abaki kwa faida yake, basi na yenyewe ibebe sehemu ya hatari kwa kumlipa.

CHA KUFANYA

Viongozi wa Yanga, kazeni hapa. Mpeni mkataba mpya wenye bei ya kuondokea. Mwambieni Folz kuanzia sasa awe anawachezesha Boyeli na Ecua pamoja naye, siyo baada yake. Shukeni timu ya vijana mkatafute kijana wa kumkalisha benchi nyuma ya Mzize, kama Mzize alivyokaa nyuma ya Mayele. Halafu Juni fungueni mlango, mtu aje na fedha taslimu na asilimia ya mauzo yajayo, na sisi wote tumsindikize uwanja wa ndege kwa vuvuzela.

Na nyie mashabiki, siku hiyo ikifika msivae sura ya msiba. Timu inayolea kijana wake, ikacheza naye, ikamuuza kwa wakati wake, ndiyo timu kubwa.

Yule mzee wa Kwa Mkapa hakupata jibu usiku ule, daladala ilimuwahi. Jibu langu ni hili: hapana mzee wangu, risiti ya benki haifungi bao. Ila ukiwa na subira ya miezi kumi, inaweza kununua wafungaji watatu.